Tangazo Lako Litasomwa na Nani?

Wazee walisema kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wako wenye biashara wanaoishika sana mithali hiyo, na kusema kwamba kutangaza mali katika gazeti ni kazi ya mtu mwenye mali mbovu. Hapana shaka mithali hiyo ni ya kweli pale sokoni, ambapo mnunuzi huliona embe kwa macho yake na kulishika kwa mkono wake. Lakini mashine nzuri iliyomo katika karakana ya Nakuru haiwezi kujiuza kwa mkulima aliye Kitale, kwa maana hajapata kusikia kwamba ipo. Huyo yapasa aarifiwe, na gazeti ni mojawapo ya njia za kumwarifu.

Hata hivyo, fedha nyingi hupotea katika matangazo. Aghalabu hazipotei kwa sababu tangazo ni baya, bali kwa sababu limesomwa na watu wasiohusika nalo. Mwenye duka hupenda kuliona jina lake katika gazeti linalosifiwa na kila mtu. Hulipa, hufurahi siku moja, kisha hungoja wanunuzi wasiokuja. Kampuni kubwa yaweza kuistahimili hasara hiyo, lakini fundi aliyetoa akiba yake ya miezi sita hawezi. Kwa hiyo yafaa tueleze jinsi mtu wa namna hiyo awezavyo kupanga matangazo yake ili kila shilingi ifanye kazi.

WASOMAJI SI WAMOJA

Jambo la kwanza la kukumbuka ni kwamba hakuna gazeti la watu wote. Historia ya magazeti ya Kenya yenyewe yatufundisha hivyo. Mwaka wa 1902 A. M. Jeevanjee alianzisha African Standard mjini Mombasa, nalo lilikuwa gazeti la Kiingereza. Mwaka wa 1928 Muigwithania lilitokea kwa lugha ya Kikikuyu, na mwaka wa 1939 Baraza likaanza kutoka kila juma kwa Kiswahili. Kila moja lilikuwa na watu wake. Mwaka wa 1960 nyumba moja ya magazeti mjini Nairobi ilianza kutoa Daily Nation kwa Kiingereza na Taifa Leo kwa Kiswahili. Kama gazeti moja lingaliweza kuwatosha wasomaji wote, nyumba hiyo isingalijitwika gharama ya kutoa mawili.

Majarida nayo hugawana wasomaji kwa njia nyingine. Jarida la Parents, lililoanza mwaka wa 1986, lilishughulikia mambo ya ndoa, watoto na nyumba. Mengine huandika juu ya kilimo, michezo, dini au fedha. Basi, lugha ni mpaka mmoja tu kati ya wasomaji. Mipaka mingine ni kazi, umri, mahali mtu akaapo, na haja iliyomfanya anunue gazeti siku hiyo.

MASHINE MOJA, WANUNUZI WATATU

Tuchukue mfano wa fundi wa Nakuru anayetengeneza mashine ndogo za kupukuchua mahindi. Akiulizwa wanunuzi wake ni nani, atajibu upesi kwamba ni wakulima. Jibu hilo si kosa, lakini halitoshi. Akifikiri zaidi ataona kwamba wanunuzi wake ni wa namna tatu.

Wa kwanza ni mkulima mwenyewe, aliye shambani Trans Nzoia au Uasin Gishu. Huyu ataka kujua mashine hupukuchua magunia mangapi kwa siku, hutumia mafuta kiasi gani, huvunja punje au haivunji, na vipuri vyake hupatikana wapi. Maneno kama "mashine ya ajabu" hayamsaidii neno. Ataka hesabu, kwa Kiswahili chepesi au kwa lugha ya kwao.

Wa pili ni viongozi wa chama cha ushirika au cha kikundi cha wakulima. Hao hawanunui kwa fedha za mtu mmoja, na kila watakalonunua watalitolea maelezo mbele ya wanachama. Yafaa tangazo lao liseme juu ya dhamana, mafunzo ya mwendesha mashine, na namna ya kulipa kidogo kidogo.

Wa tatu husahauliwa mara nyingi. Ni mwalimu, karani au muuguzi anayefanya kazi Nairobi au Mombasa, naye ana shamba nyumbani linalotunzwa na mama yake au ndugu yake. Fedha za kununua mashine zatoka mfukoni mwake, lakini yeye hatakuwapo siku ya kupukuchua. Anachotaka kujua ni kama mashine itafikishwa nyumbani, na kama mtu asiye fundi aweza kuiendesha bila hatari. Mtu huyu hasomi jarida la wakulima kila mwezi. Husoma gazeti la mjini, pengine la Kiingereza, na tangazo la kumfikia halina budi kuwa humo.

Kwa hiyo mashine ni ile ile na bei ni ile ile, lakini matangazo ni matatu. Mwenye kuchukua tangazo moja na kulipeleka kila mahali bila kubadili neno ni kama mtu anayewaamkia mzee, kijana na mtoto kwa salamu moja. Watamsikia, lakini hakuna atakayedhani kwamba yeye ndiye anayesemeshwa.

HESABU YA GHARAMA

Magazeti huuza nafasi kwa ukurasa, nusu ya ukurasa, robo, au kwa sentimita za safu. Ukurasa wa mbele na wa nyuma huwa ghali zaidi, na rangi huongeza bei. Msomaji asiogope majina hayo. Jambo la maana ni kujua fedha zako zitafika kwa watu wangapi wanaoweza kununua.

Tufanye hesabu ya mfano. Gazeti la kwanza lauza nakala 40,000, na nafasi ndogo ndani yake ni shilingi 20,000. Gazeti la pili lauza nakala 10,000, na nafasi kama hiyo ni shilingi 8,000. Ukigawanya, utaona kwamba nakala elfu moja za gazeti la kwanza zakugharimu shilingi 500, na za gazeti la pili shilingi 800. Hapo mtu atasema kwamba la kwanza ni rahisi.

Lakini tuseme kwamba katika gazeti la kwanza nakala moja kati ya ishirini ndiyo inayofika mikononi mwa mtu alimaye mahindi ya kuuza. Hizo ni nakala 2,000, na kila moja yakugharimu shilingi 10. Katika gazeti la pili, linaloandika sana habari za kilimo, nakala moja kati ya mbili humfikia mkulima. Hizo ni 5,000, na kila moja yakugharimu shilingi 1.60. Gazeti lililoonekana ghali ndilo rahisi, zaidi ya mara sita.

Tena nakala si sawa na msomaji. Gazeti moja likiwekwa kwa kinyozi au katika hoteli ya chai husomwa na watu wengi kabla ya jioni, na mwingine humsomea jirani asiyejua kusoma. Mwenye gazeti atapenda kukutajia idadi ya wasomaji kwa sababu ni kubwa. Wewe muulize pia nakala ngapi zimeuzwa, katika wilaya zipi, na ngapi zimerudi bila kununuliwa. Kuuliza hivyo si utovu wa adabu. Zamani majisifu ya wenye magazeti yalizidi hata huko ng'ambo, na ndiyo sababu shirika la kukagua idadi ya nakala liliundwa Marekani mwaka wa 1914, na lingine Uingereza mwaka wa 1931.

WAKATI WA KUTANGAZA

Tangazo zuri likitoka wakati mbaya ni kama mbegu iliyopandwa kiangazi. Katika Trans Nzoia na Uasin Gishu mahindi hupandwa mvua zianzapo, yapata Machi na Aprili, na huvunwa kuanzia Oktoba hata Desemba. Kwa hiyo mbegu na mbolea hutangazwa kuanzia Januari au Februari, na mashine ya kupukuchua hutangazwa Septemba, mkulima angali akifikiria mavuno. Tangazo la Januari humkuta amekwisha kupukuchua.

Yafaa pia kujua fedha huingia lini. Mwenye mshahara huwa na fedha mwisho wa mwezi. Mkulima mdogo wa chai anayepeleka majani katika viwanda vya KTDA hungoja malipo ya nyongeza ya mwaka, yaitwayo bonasi, ambayo hutoka karibu na Oktoba. Mzazi hununua sare za shule kabla ya muhula wa Januari, na fundi cherehani anayezitangaza baada ya shule kufunguliwa amechelewa.

Hapa ndipo tofauti ya gazeti na jarida inapoonekana. Gazeti la kila siku huishi siku moja. Kesho yake hufungia nyama au kuwashia moto. Hilo lafaa kwa habari ya haraka, kama bei ya juma hili au mnada wa Jumamosi. Jarida hukaa nyumbani mwezi mzima au zaidi, karatasi yake ni nzuri, na picha huonekana wazi. Hilo lafaa kwa kitu ambacho mtu hukifikiria polepole na kushauriana na mwenzake. Lakini majarida hufunga kupokea matangazo majuma mengi kabla ya kutoka, kwa hiyo anayetaka kutangaza Septemba hana budi kuanza mapema.

Tena, usimalize fedha zote kwa siku moja. Mwenye shilingi 40,000 aweza kuwa na tangazo kubwa mara moja, au dogo mara tano. Kwa mfanyabiashara mdogo njia ya pili huwa ya busara mara nyingi, kwa sababu msomaji aliyekosa gazeti juma hili atalikuta juma lijalo, na aliyeliona mara ya kwanza bila kujali atakumbuka mara ya tatu.

KUJUA NI GAZETI GANI LILILOLETA WANUNUZI

Mtangazaji mashuhuri wa Marekani, Claude Hopkins, aliandika katika kitabu chake cha mwaka wa 1923 kwamba matangazo yapasa kupimwa kama kazi nyingine yoyote. Njia yake ilikuwa nyepesi. Katika kila tangazo kulikuwa na kipande cha kukata na kurudisha kwa posta, nacho kilikuwa na alama iliyoonyesha kilitoka katika gazeti gani. Vipande viliporudi, vilihesabiwa.

Leo fundi wetu hahitaji posta. Aweza kutumia namba moja ya simu katika gazeti la kwanza na nyingine katika la pili, au amwulize kila anayepiga simu, "Umetuona wapi?" na kuandika jibu katika daftari. Lakini ahesabu wanunuzi, asihesabu wapigaji simu peke yao. Yamkini gazeti moja litaleta simu 60 na kuuza mashine 3, na jingine simu 25 na kuuza mashine 5. Lenye kelele kidogo ndilo lililofanya kazi.

UKWELI

Liko jambo moja ambalo halibadiliki kwa msomaji yeyote, nalo ni ukweli. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka wa 2012, inayokataza kumdanganya mnunuzi juu ya ubora au bei ya mali. Na hata bila sheria, njia ya mwongo ni fupi. Mkulima aliyeambiwa magunia 80 akapata 40 hatanyamaza. Atasema sokoni, katika mkutano wa ushirika na msibani, na gazeti lolote halina nguvu ya kuyafuta maneno yake.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda katika ofisi ya matangazo, keti na karatasi na uandike mambo manne: ni nani hasa atakayenunua, husoma nini na kwa lugha gani, atakuwa na haja na fedha lini, na utajuaje kwamba tangazo ndilo lililomleta. Ukishindwa kulijibu moja, usilipe bado. Nenda kawaulize wanunuzi watano uliokwisha kuwauzia wanasoma gazeti gani. Majibu yao hayana gharama, nayo yatakusaidia kuliko sifa za gazeti lolote.