HALMASHAURI NA BIASHARA: UFAFANUZI KUHUSU FEDHA ZA UMMA KATIKA MIRADI YA UCHUMI

Swali ambalo wananchi huuliza mara kwa mara, na ambalo hata baadhi ya watumishi hawana jibu lake la haraka, ni hili: je, Halmashauri iliyoundwa ili itoe huduma inayo ruhusa ya kufanya biashara? Na iwapo biashara hiyo itapata hasara, ni nani atakayeibeba? Makala haya yanakusudia kutoa ufafanuzi kwa wakazi wa Pande na wa visiwa vilivyo jirani, pamoja na watumishi wanaowahudumia, ili maamuzi ya mikutano yetu yafanywe kwa kuelewa.

Historia kwa ufupi

Katika pwani yetu, jambo la mwenye mamlaka kuwa pia mfanyabiashara si geni. Kisiwani Kilwa yapo magofu ya Husuni Kubwa, jumba lililojengwa katika karne ya 14 zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Wataalamu wa mambo ya kale wanaona kuwa jumba hilo lilikuwa makazi ya mtawala na wakati huohuo mahali pa shughuli za biashara. Ujenzi wake haukukamilika.

Mfano wa pili ni wa karne ya 20. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha kilimo kikubwa cha karanga katika Tanganyika, na Nachingwea ikawa mojawapo ya sehemu tatu zilizochaguliwa, pamoja na Kongwa na Urambo. Bandari ya Mtwara ilijengwa, na reli pia. Mpango huo uliachwa mwaka 1951 baada ya kupoteza takriban pauni milioni 36 za walipa kodi wa Uingereza, na reli yenyewe iling'olewa katika miaka ya 1960. Fedha hazikukosekana, wala nia haikukosekana. Kilichokosekana ni uchunguzi wa udongo na mvua kabla ya kununua matrekta.

Baada ya Uhuru, Serikali za Mitaa zilifutwa mwaka 1972 na kurejeshwa kwa sheria za mwaka 1982, zikaanza kazi mwaka 1984. Katika kipindi hicho maduka, magari na hoteli nyingi ziliendeshwa na mashirika ya umma ya mikoa na wilaya. Jijini Dar es Salaam, Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, maarufu kwa jina la DDC, lilimiliki kumbi za starehe na tangu mwaka 1983 lilikuwa na bendi ya muziki, Mlimani Park. Shirika la Usafiri Dar es Salaam (UDA), lililoanzishwa mwaka 1974, lilikuwa mali ya Jiji kwa asilimia 51 na Serikali Kuu kwa asilimia 49. Mwaka 2011 uuzaji wa hisa zake kwa kampuni binafsi ulizusha mgogoro uliofika hadi Bungeni.

Sheria inasema nini

Jibu la swali la kwanza ni kwamba biashara inaruhusiwa. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa Na. 9 ya mwaka 1982 (Sura ya 290) inayataja mapato yatokanayo na biashara, kiwanda au huduma inayoendeshwa na Halmashauri kuwa miongoni mwa vyanzo halali vya mapato yake. Halmashauri ya Kijiji nayo, baada ya kijiji kuandikishwa, ni chombo chenye nafsi ya kisheria. Inaweza kumiliki mali, kuingia mikataba, kushitaki na kushitakiwa.

Hata hivyo, ruhusa hiyo imewekewa mipaka. Fedha zitumike kwa mujibu wa bajeti iliyopitishwa. Ununuzi ufuate Sheria ya Ununuzi wa Umma. Mkopo wa Halmashauri ya Wilaya upate kibali cha Waziri mwenye dhamana. Hesabu zikaguliwe na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye taarifa zake huwasilishwa Bungeni kila mwaka. Katika ngazi ya kijiji, Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, unapaswa kukutana angalau mara moja kila miezi mitatu, na huko ndiko taarifa ya mapato na matumizi inakosomwa.

Ama kuhusu swali la pili, hasara hubebwa na mwananchi. Mfanyabiashara binafsi akifilisika, nyumba yake ndiyo inayouzwa. Halmashauri ikipata hasara, kinachopungua ni dawa katika zahanati, madawati shuleni na matengenezo ya kisima. Diwani au mtumishi aliyeshauri vibaya halipi kutoka mfukoni mwake, isipokuwa pale inapothibitika kuwa palikuwa na wizi au uzembe.

Namna tatu za kufanya biashara

Ni vema kutofautisha namna tatu, kwa kuwa hatari zake hazilingani.

(a) Kuuza rasilimali. Mfano ulio karibu nasi ni misitu ya vijiji ya Wilaya ya Kilwa. Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake na kubaki na mapato yote ya mauzo ya mazao yake. Vijiji vya Kikole na Kisangi, kwa msaada wa shirika la uhifadhi wa mpingo wilayani, vilipata mwaka 2009 hati ya kimataifa ya usimamizi bora wa misitu, ya kwanza katika Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanavijiji. Baadaye Nanjirinji na vijiji vingine vilifuata. Katika namna hii kijiji hakiweki mtaji mkubwa. Kinachohatarishwa ni msitu wenyewe endapo utavunwa kupita kiasi, au bei endapo itapangwa chemba.

(b) Kukodisha. Halmashauri hujenga soko, kituo cha mabasi au vibanda, kisha hukusanya kodi ya pango. Kituo cha mabasi cha Mbezi, Dar es Salaam, kilichofunguliwa Februari 2021, ni cha aina hii. Hatari yake ni kujenga mahali ambapo wafanyabiashara hawataki kuhamia, jengo likabaki tupu.

(c) Kuendesha biashara yenyewe. Hapa Halmashauri hununua mashine, boti au gari, huajiri mwendeshaji na kukusanya mauzo ya kila siku. Namna hii ndiyo yenye hatari kubwa kuliko zote, na ndiyo inayohitaji hesabu makini zaidi.

Hesabu ya mfano

Tuchukue mfano wa kubuni. Kijiji kimenunua mashine ya kusaga na kujenga banda lake kwa jumla ya shilingi 12,000,000. Mauzo kwa mwezi ni 900,000. Dizeli ni 450,000, posho ya mwendeshaji 150,000, vipuri na mafundi 100,000. Kinachobaki ni 200,000 kwa mwezi, na katika taarifa nyingi kiasi hicho huitwa faida.

Lakini mashine huchakaa. Ikiwa itadumu miaka minane, yaani miezi 96, ni lazima kila mwezi iwekwe akiba ya shilingi 125,000 ili ipatikane nyingine. Faida ya kweli basi ni 75,000 kwa mwezi, au 900,000 kwa mwaka. Kijiji kitakachotumia 200,000 zote kila mwezi kitajikuta baada ya miaka minane kina banda tupu na hakina fedha.

Aidha, mashine ikisimama kwa mwezi mmoja, hata kama dizeli na vipuri havikununuliwa, mwendeshaji analipwa na uchakavu unaendelea kuhesabiwa. Mwezi huo badala ya faida ya 75,000 kuna hasara ya 275,000, tofauti ya shilingi 350,000. Miezi mitatu ya namna hiyo katika mwaka mmoja inatosha kuigeuza faida ya 900,000 kuwa hasara ya 150,000. Kwa sehemu kama Pande, ambako barabara hupitika kwa shida wakati wa masika na kipuri huweza kukaa njiani kwa majuma, hilo si jambo la kufikirika tu.

Kwa nini miradi mingi huanguka

Sababu hujirudia. Ya kwanza ni mauzo kwa mkopo kwa jamaa na viongozi, kwani mali ya umma huonekana haina mwenyewe. Ya pili ni mchaguaji, mwendeshaji na mkaguzi kuwa watu walewale. Ya tatu ni bei kupangwa kwa kutafuta kura badala ya kufuata gharama. Ya nne ni Halmashauri kushindana na wananchi wake: mwenye mashine jirani hulipa ushuru unaotumika kumwangusha. Kwa sababu hiyo, biashara ya umma inafaa zaidi pale ambapo hakuna mtu binafsi aliye tayari kutoa huduma hiyo, au ambapo rasilimali ni ya wote.

Ipo pia njia ya kuwakopesha wananchi wafanye biashara wenyewe. Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka Halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu. Utoaji wake ulisitishwa Aprili 2023 baada ya kasoro za urejeshaji na vikundi hewa kubainishwa katika ukaguzi, ukarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya.

Maswali ya kuulizwa mkutanoni

Kabla ya kunyoosha mkono kuunga mkono mradi wowote, kila mwananchi anashauriwa kuuliza yafuatayo:

1. Fedha zimetoka wapi, na zilikuwa zimepangiwa kazi gani?
2. Je, hesabu ya uchakavu imo katika mpango?
3. Nani atashika fedha, nani ataandika vitabu, na nani atakagua? Je, ni watu tofauti?
4. Akaunti ya mradi imetengwa na akaunti ya huduma?
5. Ni baada ya hasara ya kiasi gani mradi utafungwa?

Swali la tano husahauliwa mno, nalo ni muhimu kuliko yote. Mradi usiowekewa kikomo huendelea kumeza fedha kwa sababu tu kuufunga ni aibu.

Kwa upande wao, watumishi wanakumbushwa kuwa kuulizwa si kudharauliwa. Stakabadhi iandikwe kwa kila mauzo, hata ya shilingi mia tano, na taarifa ibandikwe mahali pa wazi katika maandishi yanayosomeka. Mali ya umma ina mwenyewe, naye ni yule mama anayefika zahanati na kuambiwa dawa zimekwisha. Fedha za mradi wowote zitolewe kwa kumkumbuka huyo.