Nyama choma ya kufunga: kabla hujapanda basi, angalia saa

Anayetoka mnadani au stendi hapendi kufika nyumbani mikono mitupu. Watoto wanamsubiri, na harufu ya nyama inayochomwa kando ya barabara inamvuta. "Nifungie ya elfu tano," anasema, kisha anapanda gari. Nyama inaliwa saa ngapi? Mara nyingi ni usiku, baada ya safari, salamu na kuoga.

Nasi tulifanya hivyo hivyo Jumamosi moja, tukitoka mjini. Pale stendi palikuwa na kijana mwenye toroli lililobeba jiko la mkaa, pipa lililokatwa katikati na kuwekewa wavu juu. Mshikaki mmoja aliuza shilingi 500. Tulichukua kumi, na kachumbari ya bure. Tulimwangalia anavyofanya kazi, tukaipima safari kwa saa, na hapa tunaeleza tulichokiona na sababu zake.

Kwanza tumpe haki yake. Mshikaki ukichomwa vizuri ni chakula salama kuliko watu wengi wanavyodhani. Vipande ni vidogo, moto unafika hadi katikati kwa muda mfupi. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wanashauri nyama ipate joto la nyuzi 70 hadi ndani, na hapo vijidudu vingi vinavyoleta ugonjwa hufa. Wewe huna kipimajoto, lakini una macho. Pasua kipande kinene kuliko vyote. Kama ndani bado ni chekundu au kinatoa maji ya damu, mrudishie akiongezee moto. Usione haya, pesa ni yako.

Mguu mzima wa mbuzi ni habari nyingine. Unaungua nje na kupendeza macho, huku karibu na mfupa damu ingali mbichi. Mwambie mchomaji aukatekate kisha aurudishe jikoni, asikukatie na kukufungia hapo hapo.

Kuna jambo wanunuzi wengi hawalijui. Wachomaji wengine huchoma nyama nusu asubuhi, wakaiweka pembeni, halafu mteja akija wanaimalizia. Wanafanya hivyo kwa sababu mteja wa stendi ana haraka, gari linapiga honi. Lakini nyama iliyopata moto kidogo ikakaa vuguvugu nusu siku ni mahali pazuri pa vijidudu kuzaliana. Kwa hiyo swali la kwanza liwe, "Hii imewekwa jikoni saa ngapi?" Yule wa kwetu alicheka, akatuonyesha nyama mbichi ndani ya beseni lenye kifuniko, akasema tusubiri. Tulisubiri kama robo saa. Hatukujuta.

Tulichokipenda kidogo ni koleo lake. Alishika nyama mbichi nalo akaiweka wavuni, na koleo hilo hilo likatoa iliyoiva. Ubao nao ulikuwa mmoja, na kisu kimoja. Damu ya nyama mbichi ikigusa nyama iliyoiva, kazi yote ya moto imepotea, maana ile iliyoiva hairudi tena jikoni. Tulimwomba atutolee mishikaki kwa kushika vijiti, akakubali bila kinyongo. Mkono unaopokea noti nao usiguse nyama. Wenye wasaidizi wanaweza hili kwa urahisi, mmoja achome na mwingine apokee pesa. Aliye peke yake hana budi kuwa na maji na sabuni karibu.

Ndimu, tangawizi na papai bichi havitoshi kuua vijidudu. Papai hulainisha nyama na ndimu huipa ladha, basi. Pia viungo vikali vinaweza kuficha harufu ya nyama iliyoanza kuharibika, ndiyo maana tunapenda kuiona ikiwa bado mbichi.

Hapo ndipo linakuja suala la nyama yenyewe imetoka wapi. Nyama iliyokaguliwa hugongwa muhuri wa mkaguzi kwenye mzoga, lakini ikishakatwa vipande vya mshikaki, muhuri huo huuoni tena. Muulize amenunua bucha gani. Anayenunua buchani hujibu mara moja. Anayebabaika, mwache. Hasa ukisikia bei ya kushangaza kijijini siku ng'ombe wamekufa ghafla, kaa mbali kabisa. Nyama ya kibudu inaweza kuwa na kimeta, ugonjwa unaoua watu, na mbegu za kimeta huvumilia moto ambao ungeua vijidudu vingine. Hata kumchuna mnyama huyo ni hatari. Mwite afisa mifugo.

Sasa safari. Yule kijana alitaka kutufungia kwa gazeti. Gazeti lina wino, na mafuta ya moto huutoa wino huo na kuupaka kwenye nyama. Mfuko wa plastiki nao haufai kwa kitu cha moto, na Tanzania iliipiga marufuku mifuko hiyo ya kubebea tangu 1 Juni 2019. Alikuwa na foili chini ya toroli. Kumbe ilikuwepo, ila ni lazima uiombe, kwani inamgharimu.

Tuliondoka saa kumi jioni. Wakati huo kifurushi hakishikiki kwa moto. Saa kumi na moja kilikuwa cha kupasha mikono. Ilipogonga saa kumi na mbili, tukiwa bado barabarani, kilikuwa vuguvugu tu, kama maji ya kumwogesha mtoto mchanga. Vuguvugu ndilo tatizo. Vijidudu vya chakula hustawi kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za joto, na vikipata nafasi nzuri, baadhi huongezeka mara mbili kila baada ya dakika 20 hivi. Ndiyo maana ushauri ni kwamba chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Ndani ya basi lililojaa, jua la mchana likipiga bati, sisi tungehesabu pungufu ya hapo.

"Nikifika nitaipasha moto," utasema. Ipashe, tena mpaka itoe mvuke kote, usiiguse moto juu juu. Lakini kupasha si dawa ya kila kitu. Kuna vijidudu vinavyotoka kwenye mikono na pua za watu, ambavyo vikishazaliana kwenye chakula huacha sumu. Ukipasha, vyenyewe vinakufa lakini sumu inabaki. Mtu anakula nyama ya moto inayonukia vizuri, na baada ya saa chache anatapika. Mtu mzima mara nyingi hupona. Mtoto mdogo huishiwa maji haraka.

Tunajua si rahisi kutupa nyama ya elfu tano. Hatutasema ni rahisi. Ndiyo maana uamuzi mzuri unafanyika kabla ya kununua. Kama safari inazidi saa mbili, kula yako pale pale stendi na uwabebee watoto ndizi au maandazi. Au subiri ununue kwa mchomaji wa mwisho, yule wa njia panda karibu na kwenu. Huenda nyama yake haina sifa kama ya mjini, lakini itafika ya moto.

Njia nyingine ni hotpoti. Mama mmoja kwenye basi letu alikuwa nayo, na tulimwonea wivu. Aliisuuza kwa maji yanayochemka kwa mama ntilie, akayamwaga, akajaza nyama ikitoka jikoni na kufunga. Hotpoti baridi hunyonya moto wa nyama, na iliyojaa nusu hupoa upesi kuliko iliyojaa. Asiifungue njiani kuonja, ingawa tunajua majaribu yake.

Kachumbari ifungwe peke yake, au uikate mwenyewe nyumbani. Haijapita motoni, na maji iliyooshewa huyajui.

Ikitokea mtu ameharisha au kutapika baada ya kula, mpe maji ya chumvisukari kidogo kidogo. Pakiti moja ya dukani huchanganywa na maji safi lita moja. Usipoipata, tia vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, katika lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Choo chenye damu, macho yaliyoingia ndani, au mtoto asiyeweza kunywa, usingoje asubuhi, nenda kituo cha afya.

Sisi tulishuka saa moja na nusu usiku. Mishikaki sita tulikuwa tumeila na majirani wa kiti kabla gari halijatoka mjini. Minne iliyobaki ilikuwa imepoa, imekaa saa tatu na nusu. Tuliitazama, tukaifukia shimoni nyuma ya nyumba ili mbwa wasiifikie. Watoto walipewa ndizi. Walinuna mpaka asubuhi.