Chupa ya Marashi Nayo Inahitaji Onyo

Mkulima wa Kurui anaponunua salfa ya mikorosho, mfuko huja na maelekezo: ziba pua na mdomo, nawa mikono, weka mbali na watoto. Manukato atakayojipaka akienda harusini Kibaha mara nyingi hayana onyo lolote, hasa yale ya kupima, yanayovutwa kwa bomba la sindano kutoka chupa kubwa na kutiwa kwenye kichupa kisicho hata na jina. Ilhali yote mawili ni kemikali, na yote hufika kwenye ngozi na mapafu.

Madhara ya manukato ni ya namna tatu, na si vema kuyachanganya.

La kwanza ni mzio wa ngozi. Wabanguaji wa korosho wanayajua mafuta ya ganda: huunguza mikono, na wapo ambao baadaye hutokwa na vipele hata wakiyagusa kidogo tu. Baadhi ya kemikali za harufu nazo hupenya ngozi, hushikamana na protini, na kinga ya mwili huzikariri kama adui. Mwanzoni huoni kitu. Zikishakaririwa, kila ukijipaka ngozi huwasha, huvimba au hutoka ukurutu, kwa kawaida baada ya saa 24 hadi 72. Kwa kuwa dalili huchelewa, lawama huangukia sabuni au pweza wa juzi. Mzio huo aghalabu hudumu maisha yote. Linaluli na limonini, zilizomo katika harufu nyingi za maua na machungwa, huwa korofi zaidi zikishapigwa na hewa kwa muda mrefu. Wala kitu cha asili si lazima kiwe salama: mafuta ya tunda la bergamoti yana kemikali ambayo, ngozi ikipigwa na jua, huiunguza na kuacha mabaka meusi shingoni.

La pili ni mapafu na kichwa. Hapa si lazima pawe na mzio. Harufu kali, kama ulivyo moshi wa udi, huweza kuchokoza mirija ya hewa ya mwenye pumu ikabana, au kumwamshia mtu kipandauso.

La tatu lina utata. Mwaka 1987 daktari Mmarekani Mark Cullen alieleza hali ya wagonjwa wanaoumwa kichwa, kuchoka na kupata kizunguzungu kwa viwango vidogo vya kemikali nyingi zisizohusiana, za manukato zikiwemo. Chanzo chake bado kinabishaniwa, lakini mateso ya wagonjwa hao ni ya kweli.

Ulaya ilichukua hatua mapema. Tangu 2005, kemikali 26 za harufu zinazoleta mzio lazima zitajwe kwa majina zikizidi asilimia 0.001 katika kipodozi kinachobaki kwenye ngozi. Mwaka 2023 orodha hiyo ilipanuliwa ikavuka 80.

Nchini Tanzania, udhibiti wa vipodozi ulihama kutoka Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) kwenda Shirika la Viwango (TBS) mwaka 2019. Tunachohitaji ni onyo la Kiswahili chepesi: majina ya kemikali zinazoleta mzio, tahadhari ya jua, tahadhari kwa wenye pumu, na tahadhari ya moto, kwani manukato mengi ya kupuliza yana spiriti inayoshika moto upesi. Sharti hilo limbane pia muuzaji wa kupima. Kila kichupa anachojaza kibandikwe lebo, la sivyo onyo litaishia dukani kwenye chupa kubwa.

Wakati tukisubiri, jaribu manukato mapya upande wa ndani wa kiwiko, asubuhi na jioni kwa siku saba. Ukiona vipele, acha mara moja, lakini usiitupe chupa. Mpelekee daktari wa ngozi aone kilichomo. Na muuzaji akishindwa kukwambia anauza nini, usinunue.