Klabu ya huduma: wakimbizi wa ndani na wenyeji katika kazi moja



Katika toleo hili tunapenda kueleza habari za klabu ya huduma: ni kitu gani, ilitoka wapi, inafanya kazi namna gani, na kwa nini inaweza kusaidia watu waliohama na watu waliowapokea kuishi bila ugomvi.

Wengi wetu tunajua likelemba. Tunajua pia mutualite ya watu wa asili moja, na vikundi vya kanisa au vya msikiti. Klabu ya huduma inafanana na hivyo vyote kwa kuwa watu wanakutana, wanachanga na wanachagua viongozi. Lakini inatofautiana kwa mambo mawili. La kwanza, haiulizi mtu ni wa kabila gani wala anasali wapi. La pili, faida ya kazi yake haibaki kwa wanachama. Wakitengeneza njia ya maji, anayechota ni kila mtu, hata yule asiyetoa franka moja.

Kwa nini jambo hili linagusa amani

Tunajua namna mambo yanavyokwenda. Familia inakimbia risasi na kupokelewa na familia nyingine. Nyumba ya watu sita inakuwa nyumba ya watu kumi na wawili. Siku za kwanza wanakula sahani moja. Baada ya miezi mitatu maneno yanaanza: kuni zimekwisha, choo kimejaa, watoto wa wageni wamechuma mahindi, mgeni amepewa jetoni ya msaada na mwenyeji hakupewa. Maneno hayo ni madogo, lakini yakiachwa yanageuka kuwa maneno ya kabila, na maneno ya kabila yamekwisha kuua watu wengi katika inchi yetu.

Barza na mashauri vinasaidia kutuliza maneno yakiisha kutokea. Klabu ya huduma inafanya kazi mbele ya hapo. Mama mwenyeji na mama mgeni waliofagia pamoja kwenye robine kila juma wanafahamiana kwa jina. Siku ya ugomvi wa foleni, wataongea wao wenyewe kabla vijana hawajashika mawe.

Ilitoka wapi

Klabu za namna hii zinazojulikana zaidi duniani ni zile za Rotary. Ya kwanza ilianza tarehe 23 Februari 1905 katika mji wa Chicago, Marekani. Mwanzilishi wake, Paul Harris, alikuwa mwanasheria aliyekulia katika mji mdogo. Alipofika mji mkubwa aliona kwamba watu wanapishana barabarani bila kujuana. Akaita watu watatu: mfanya biashara wa makaa, mhandisi wa migodi na mshona nguo. Walikutana kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na kutokana na zamu hiyo jina la Rotary likapatikana.

Moja ya kazi zao za kwanza kwa ajili ya watu wote, tangu mwaka 1907, ilikuwa kusukuma mji wa Chicago ujenge vyoo vya watu wote. Tunataja jambo hili kwa makusudi. Klabu ambayo leo iko karibu katika kila inchi ilianza na watu wanne, na shida ya vyoo ilikuwa miongoni mwa zile za kwanza walizoshughulikia. Mtu asione haya kuanza na choo.

Kuna mambo mengine tunayoweza kujifunza kwao. Viongozi wao wanabadilika kila mwaka, tarehe 1 Julai. Mikutano yao haipigi kampeni ya chama chochote cha siasa. Kwa miaka mingi walikataa wanawake, na mwaka 1989 walibadili sheria yao wakawakubali. Kwetu Congo, ambako mama ndiye anayejua bei ya unga na umbali wa maji, tusingojee miaka mingi namna ile. Na tangu mwaka 1986 wanasaidia pia vikundi vya watu wa kijiji au mtaa ambao si wanachama wa Rotary, lakini wanataka kufanya kazi kwa ajili ya mahali pao. Kwa hiyo klabu ya huduma si jambo la matajiri wa mji peke yao.

Kazi ya kuhesabu

Watu wengi wanafikiri huduma ni jembe na ufagio tu. Daftari na kalamu vilevile ni vyombo vya huduma. Tutoe mfano wa maji.

Vipimo vya Sphere, ambavyo mashirika ya msaada yanafuata, vinasema mtu mmoja apate angalau litre 15 za maji kwa siku, na robine moja isihudumie watu zaidi ya 250. Kwa familia ya watu sita, litre 15 kwa kila mtu ni litre 90, maana yake bidoni nne na nusu za litre 20. Sasa, ikiwa robine ile ile inachotewa na watu 500, kila mtu anabaki na litre saba na nusu. Hapo foleni inakuwa ndefu na matusi yanaanza, na kila upande unadai kwamba ule mwingine unaiba zamu.

Klabu inaweza kufanya hivi: siku moja wanachama wawili, mwenyeji na mgeni, wanakaa kwenye robine tangu asubuhi mpaka jioni, wanaandika watu wangapi wamechota na bidoni ngapi. Wakipeleka hesabu hiyo kwa shefu na kwa shirika linalohusika na maji, hawapeleki tena malalamiko dhidi ya jirani. Wanaonyesha kwamba robine haitoshi, na kwamba wageni na wenyeji wote wana kiu moja. Vivyo hivyo kwa vyoo: kipimo ni choo kimoja kwa watu 20, na katika siku za kwanza za dharura, kimoja kwa watu 50.

Matone ya polio

Kazi nyingine ambayo klabu inaweza kuisaidia ni chanjo. Rotary ilianza mpango wake wa kupigana na polio mwaka 1985, na mwaka 1988 ikaungana na OMS, UNICEF na serikali za dunia. Inchi yetu ina ukumbusho mkubwa katika habari hii. Mwaka 1999, wakati wa vita, Kofi Annan, aliyekuwa Katibu Mkuu wa UNO, aliomba pande zote zisimamishe risasi ili watoto wapate matone, na siku za chanjo zikafanyika. Watu waliokuwa wakipigana walikubali kwamba mtoto hana upande.

Tarehe 25 Agosti 2020 ilitangazwa kwamba polio ya asili imekwisha katika eneo la Afrika la OMS. Lakini kuna polio nyingine bado. Matone yana kirusi kilichodhoofishwa. Mahali ambapo watoto wengi hawakuchanjwa, kirusi hicho kinaweza kupita kwa mavi na maji machafu kutoka mtoto kwa mtoto kwa muda mrefu, mpaka kinabadilika na kupata tena nguvu ya kupoozesha. Katika miaka ya karibuni Congo imekuwa kati ya inchi zilizoguswa sana. Dawa yake ni kuchanja watoto wote, bila kuacha hata mmoja.

Mtoto anayeachwa mara nyingi ni mtoto wa familia iliyofika jana usiku, ambayo haiko katika orodha yoyote. Mchanjaji hamjui. Jirani anamjua. Klabu yenye wanachama katika kila kona ya mtaa inaweza kuwaongoza wachanjaji na wareko mpaka kwenye mlango ule, na kujibu maswali ya wazazi kwa lugha wanayoielewa.

Maswali manne mbele ya uamuzi

Mwaka 1932 mfanya biashara mmoja wa Chicago, Herbert Taylor, aliandika maswali manne ya kupima maamuzi katika kampuni iliyokuwa karibu kufilisika. Baadaye Rotary iliyachukua. Kwa maneno yetu ni haya: jambo hili ni la kweli? Ni la haki kwa wote wanaohusika? Litajenga urafiki? Litawafaa wote?

Tuyajaribu. Shirika linaomba kiongozi alete majina ya familia 40 zitakazopewa shitingi. Zinazohitaji ni 70. Je, majina yote ni ya watu waliopo kweli, au kuna jina la shemeji anayeishi mji mwingine? Je, wajane, wazee na walemavu wametangulia, hata kama si wa ukoo wa kiongozi? Je, orodha imesomwa mbele ya watu wote, ili anayekosa ajue sababu? Je, mwenyeji ambaye nyumba yake imejaa wageni amefikiriwa? Orodha iliyopita katika maswali hayo haitafurahisha wote. Lakini kiongozi ataweza kuisimamia mchana mbele ya watu.

Kanuni za UNO juu ya wakimbizi wa ndani, za mwaka 1998, zinasema vilevile kwamba msaada utolewe bila ubaguzi.

Namna ya kuanza

Watu kumi wanatosha: nusu wageni, nusu wenyeji, wanawake na wanaume, na vijana wawili au watatu. Mjulishe shefu mapema, ili asifikiri mnafanya siasa. Chagueni kazi moja ndogo inayoweza kumalizika kwa juma mbili.

Tuwe waangalifu na neno salongo. Wazee wanakumbuka kwamba enzi ya Mobutu salongo ilikuwa ya lazima. Na leo bado kuna mahali ambapo watu wenye silaha wanalazimisha raia kufanya kazi. Kazi ya klabu ni ya hiari. Asiyekuja asitozwe kitu wala asitajwe vibaya.

Kwa pesa, tumieni sanduku lenye kufuli tatu na watu watatu wenye funguo, mmoja wao mgeni, mmoja mwenyeji. Hesabu isomwe kila mwezi kwa sauti. Viongozi wabadilike kila mwaka.

Katika daftari la wanachama msiandike kabila. Daftari linaweza kuanguka katika mikono mibaya, na jina pamoja na kabila vimekwisha kuwa sababu ya kifo.

Siku ya kutawanyika

Mwisho, tufikirie jambo gumu. Mwezi wa pili 2025, baada ya M23 kuteka mji wa Goma mwishoni mwa mwezi wa kwanza, makambi makubwa yaliyouzunguka yalivunjwa, na watu kwa malaki waliondoka kwa siku chache. Yeyote aliyekuwa na pesa katika kikundi alikuwa na swali: sanduku liende wapi?

Kwa hiyo, siku ile ile mnapoanzisha klabu, andikeni namna mtakavyogawana mkilazimika kutawanyika: nani anarudishiwa nini, nani anatunza daftari, na vyombo vya kazi vinabaki kwa nani. Sisi tunashauri majembe na ndoo vibaki kwa wenyeji. Wageni watakuwa wameondoka, lakini maji yataendelea kuchotwa na choo kitaendelea kutumiwa. Na yule anayerudi kijijini kwake atakuta huko watu waliobaki, watu waliorudi mapema, na shamba lenye ugomvi. Huko pia klabu ya watu kumi inaweza kuanza, kwa sababu atakuwa amejifunza namna inavyofanywa.

Tunawaomba viongozi wasome habari hii kwa sauti katika mikutano yao, ili hata wasiojua kusoma waisikie. Tunawatakia kazi njema na amani.