Theluji ya Machi Huanguka Wapi?

Labda wadhani kwamba huko Marekani theluji nyingi huanguka Desemba au Januari. Lakini katika mji wa Denver, mwezi unaosifika kwa theluji ni Machi, wakati baridi kali imeanza kupungua. Yawezekanaje?

Denver uko juu ya bahari kwa mita 1,600 hivi. Magharibi yake imesimama milima ya Rocky. Mashariki ni tambarare tupu. Mwezi wa Machi hewa imeanza kupata joto, nayo huchukua unyevu mwingi kutoka Ghuba ya Mexico. Unyevu huo ukisukumwa kupanda mlima hupoa, ukaanguka kama theluji iliyojaa maji, nzito ajabu.

Basi, nani anaisukuma? Ni dhoruba. Katika nchi za kaskazini upepo hukizunguka kitovu cha dhoruba kinyume cha mishale ya saa. Kitovu kikipita kusini ya Denver, upepo hutoka mashariki na kupanda mlima: mji hufunikwa. Kikipita kaskazini, upepo huteremka kutoka mlimani, mkavu; watu wa Denver hupata vumbi, na theluji huwaangukia jirani zao wa Wyoming na Nebraska. Wenyeji wa Kilimanjaro hawatashangaa. Kusini ya mlima wao, penye kupokea upepo wa mvua, migomba yastawi. Kaskazini ni pakavu.

Mwaka 2002 jimbo la Colorado liliona ukame mkali, na moto ukateketeza misitu. Kisha, tarehe 17 hadi 19 Machi 2003, dhoruba ikapita pole pole upande wa kusini. Denver ulipata theluji ya sentimita 80. Mapaa yalibomoka, uwanja wa ndege ukafungwa. Hata hivyo theluji ile ile, ilipoyeyuka, iliwapa maji watu waliokuwa na kiu. Machi 2021 jambo hilo lilitokea tena, sentimita 69 hivi.

Kwa hiyo usimcheke mtabiri wa hali ya hewa akikosea. Njia ya dhoruba ikihama kilomita mia moja tu, huyu huzikwa na theluji, na yule hubaki akitazama mbingu. Afadhali kusikia onyo na kuweka akiba nyumbani bure, kuliko kulidharau siku moja na kujuta. Na ikiwa safari hii mvua imekupitia wewe, mkumbuke jirani aliyeikosa.