Kuitawala Elektroni Moja Ndani ya Yabisi

Ndani ya waya wa taa hupita elektroni zisizohesabika, wala hakuna haja ya kuitambua hata moja. Kompyuta ya kwanta hudai kinyume: elektroni moja ishikwe, iamriwe, kisha ipimwe.

Mwaka 1998 Daniel Loss na David DiVincenzo walipendekeza kwamba habari iwekwe katika spini ya elektroni, yaani sifa inayoifanya iwe kama sumaku ndogo mno. Neno hilo la kigeni lafaa kubakizwa. «Mzunguko» ungemfanya msomaji adhani kwamba elektroni hujizungusha kama gurudumu, jambo ambalo si kweli. Katika uga wa sumaku, spini ikipimwa huonekana juu au chini. Kabla ya hapo yaweza kuwa katika mchanganyiko wa hali zote mbili. Mchanganyiko huo ndio mtaji wa hesabu za kwanta.

Elektroni hukamatwa kwa umeme. Juu ya kipande cha semikonda hutandazwa vipande vyembamba vya metali. Volti hasi zinazotiwa humo husukuma elektroni pembeni na kuacha kijishimo. Kwa kuwa elektroni hufukuzana, iliyomo huizuia ya pili, mradi baridi ikaribie sufuri halisi. Huko Delft, Uholanzi, spini ya elektroni moja ilisomwa mwaka 2004: nishati ya kijishimo ilipopandishwa, elektroni yenye spini ya namna moja ilitoka, yenye spini ya namna ya pili ikabaki. Mwaka 2006 spini hiyo iligeuzwa kwa amri.

Hata hivyo, makao ya elektroni yalikuwa na kelele. Majaribio hayo yalifanywa katika fuwele ya galiamu na aseniki, ambamo kila kiini cha atomu kina spini yake. Viini hivyo huivuruga elektroni, na mchanganyiko usiolindwa hupotea kabla ya sehemu moja ya milioni ya sekunde kwisha. Silikoni ya kawaida ina takribani asilimia 5 tu ya viini vya namna hiyo, na yaweza kusafishwa ibaki karibu silikoni-28 peke yake, isiyo na spini ya kiini. Katika silikoni iliyosafishwa hivyo, makundi matatu ya Uholanzi, Japani na Australia yalitangaza mwaka 2022 kwamba yameamuru spini mbili kwa pamoja kwa usahihi uliozidi asilimia 99.

Hesabu zenye manufaa huhitaji spini nyingi zaidi, na kila moja hudai mambo mawili yanayopingana: itengwe na vurugu, lakini isikie amri. Mlango unaopitisha amri ndio huohuo unaopitisha kelele.