Kekee, Chombo cha Babu

Mtu afapo huacha vitu, na mara nyingi mna chombo ambacho warithi hawajui jina lake wala kazi yake. Mmoja husema ni silaha, wa pili husema ni mchezo wa watoto, na wa tatu hukitia jikoni kiwe kuni. Basi na tuangalie chombo kimoja cha namna hiyo.

Tuseme mmekuta sandukuni kijiti cha mviringo chenye ncha ya chuma, kipande kifupi cha mti chenye shimo, na upinde wenye kamba. Je, ni upinde wa mishale? Sivyo, maana kamba yake imelegea. Tena kijiti kina alama katikati, kama kitu kilichosuguliwa na kamba siku nyingi. Na kile kipande kifupi kimekuwa laini kwa kushikwa kiganjani. Alama hizo ndizo mashahidi wa kazi yake.

Hii ni kekee, chombo cha seremala cha kutobolea mbao. Kijiti huitwa msukano, kipande cha kushikia huitwa jivu, na upinde huitwa uta. Fundi huuzungushia msukano kamba ya uta, hukandamiza jivu kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili huvuta na kusukuma uta kama apasuaye mbao kwa msumeno. Msukano huzunguka huku na huku, na ncha hula mti.

Chombo hiki ni cha kale sana. Katika kaburi la Rekhmire, waziri wa Misri, mna picha ya miaka ipatayo 3,400 iliyopita, nayo yaonyesha seremala akitoboa kwa kekee. Huku kwetu iliwafaa waundaji wa mitepe wa visiwa vya Lamu. Wao hawakupigilia mbao misumari, bali walizishona kwa kamba za makumbi ya nazi, na kila mshono ulitaka tundu. Hata fundi wa misumari hutoboa kwanza, ili mbao ngumu isipasuke.

Basi mkirithi chombo msichokijua, msivitenge vipande vyake, kwa maana uta ukichomwa, msukano hubaki kijiti tu. Kisha mwulizeni mzee upesi. Alama zaweza kuwaambia kazi ya chombo, lakini jina lake hukaa vinywani mwa watu, na mzee akiondoka huondoka nalo.